Nyasi Isiyojua Jembe

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile ambayo wazee wa baraza walimpandisha bibi yangu mlimani ili ashike nyasi kwa mikono yake na kuwaambia ni nyasi gani. Bibi alikuwa haoni tena. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Siku hiyo imenirudia juzi, ulipokuja hapa Nshambya, Bukoba, na simu yako ukanionyesha picha ya mteremko fulani huko Muleba, ukaniuliza kama nyasi zile ni za tangu zamani au zimeota baada ya mtu kuacha shamba. Ulisema wamekuchagua kuingia kwenye baraza la ardhi la kijiji na kwamba hiyo ndiyo kesi yako ya kwanza. Nilikurudishia simu nikasema sijui. Niliona umevunjika moyo, ukadhani bibi yako amekunyima. Sikukunyima. Nyasi haitambuliwi kwa kuitazama juu, na tena lilikuwepo jambo lililonikaba ambalo nisingeweza kulisema mbele ya watu wanaokunywa chai. Sasa tuko wawili. Kaa vizuri nikueleze.

Kijiji chetu kilikuwa Muleba, upande ule ambao ukitoka nje asubuhi unaliona ziwa. Nyumba zilikaa ndani ya migomba na mikahawa, na ukivuka kibanja cha mwisho, yaani shamba la nyumbani, unaingia rweya, uwanda mtupu wa nyasi ambao haukuwa wa mtu mmoja. Huko wanawake walikata nyasi za kuezekea, za kutandika sakafuni na za kufunika udongo shambani. Mwenye nguvu alilima kipande cha njugu mawe, akavuna, akakiacha. Kibanja kilikuwa na mwenyewe na ukoo wake. Rweya ilikuwa ya yule anayeitumia leo. Ila ulikuwepo utaratibu kwamba ukoo ukionyesha kuwa umelima kipande cha rweya kwa miaka mingi, wazee wanakubali kiwe chao. Shika neno hilo, maana kesi yote ilikaa hapo.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mkataji wa nyasi tangu usichana wake. Watu walimwita Ma Kokubanza, na waliokuwa wakijenga walimtafuta yeye kwanza. Alinifundisha kabla macho hayajamwacha, na hakunifundisha kwa upole. Nikileta mzigo ambao ndani yake mmechanganyika nyasi nyingine, aliufungua wote, akautawanya uani, akanirudisha mlimani bila kuniuliza kama nimekula.

Alikuwa akisema mtu asiyejua huitazama nyasi kichwani. Huko juu zote hufanana, hasa mvua zikinyesha, zote kijani na zote zinakwenda na upepo. Nyasi ya kuezekea unaanza kuitambua chini. Kwanza haitambai. Inasimama katika fungu lake, na kati ya fungu na fungu unaona udongo mwekundu wenye changarawe. Penyeza vidole hadi shinani utakuta manyoya laini yamejificha katikati ya mabua, laini kama ya kifaranga aliyeanguliwa jana. Panda na bua, na kwenye kila fundo utahisi duara la vinywele. Jani lake ni jembamba. Ukilipitisha vidoleni kuelekea juu linateleza, ukilirudisha chini linakukata. Kiangazi kikifika, kichwa chake kinakuwa na rangi ya kutu, na kila mbegu ina mkia mwembamba uliopinda kama goti. Ukiiweka mbegu kiganjani na kuutemea mate mkia huo, unajizungusha wenyewe, taratibu, kama kitu kilicho hai. Nilipokuwa mdogo jambo hilo lilinifurahisha mno, nikalirudia mpaka bibi akanigombeza kwamba tunachelewa.

Hizo ni alama za kuijua. Za kujua umri wake ni nyingine, na hizo ndizo unazozitaka wewe. Rweya huchomwa moto karibu kila kiangazi. Moto unakula majani lakini shina halifi, mvua ya kwanza linachipua. Kila moto unaacha vipande vyeusi vya mabua vimesimama shinani, vya mwaka huu kando ya vya mwaka jana, mpaka fungu linakuwa gumu kama kigogo. Likizeeka sana, katikati yake hufa, likabaki duara lenye upara, wakati mwingine pana kama ungo. Lakini jembe likipita hapo, yameisha. Shina likishang'olewa, nyasi hii hairudi kwa miaka mingi. Inayoanza kurudi ni lumbugu, ile sangari inayotambaa chini ya udongo kwa mizizi myeupe yenye ncha kali, na huhitaji nikueleze hiyo, umeipalilia shambani kwa mama yako.

Sasa niseme juu ya baba yangu. Sitaki umchukie, kwa sababu mimi mwenyewe nimejaribu na sikuweza. Jina lake lilikuwa Yosia, mzee wa kanisa la Kilutheri pale kijijini, mtu mwenye sauti nzito ambaye Jumapili usingehitaji kumtafuta kwa macho ili kujua amekaa wapi. Wenzake walipowaoza binti zao mapema, yeye alinipeleka sekondari, akachekwa, akanyamaza. Nilipomaliza alisema nitakwenda chuo cha ualimu, akaninunulia sanduku la bati na kuliweka chumbani kwake lisije likachafuka. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemzungumzia.

Lakini alikuwa na wana wa kiume wengi na kibanja kimoja. Kila jioni alizunguka kwenye migomba yake akipima kwa macho, na nadhani alikuwa akikigawa kile kibanja kichwani mwake na kila mara vipande vinatoka vidogo. Juu ya kibanja chetu palikuwa na mteremko wa rweya, mzuri, unaopata unyevu. Baba alianza kuutazama ule mteremko.

Wakati huohuo alikuja Ma Adela. Huyu alikuwa mjane wa kijiji cha jirani. Mume wake alipokufa, shemeji zake walimtoa kwenye kibanja, maana kwa desturi ya wakati ule kibanja kilirudi kwa ukoo wa mwanamume, na mwanamke aliondoka na alichoweza kubeba. Alikuja na watoto wadogo na mundu. Akajenga kibanda pembeni mwa rweya, akawa anakata nyasi na kuwauzia wenye kahawa. Baadaye akaenda kwa wazee wa kijiji kuomba ule mteremko, apande chakula na kahawa kidogo, apate mahali pa kuwaambia watoto wake kwamba ni kwao.

Baba aliposikia alipeleka pingamizi. Akasema mteremko ule ni wa ukoo wetu, kwamba mama yake aliulima kwa miaka mingi tangu ujana wake, na kwamba nyasi zilizopo zimeota tu baada ya shamba kupumzishwa. Shahidi wake ni mama yake mwenyewe, yu hai. Baraza likasema wataupanda mteremko, na bibi aje.

Jioni ya kuamkia siku hiyo baba alikaa na bibi jikoni. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Alimwambia kwa adabu kabisa, kama kawaida yake kwa mama yake, kwamba kesho wazee watamuuliza, na yeye aseme tu alilima. Bibi alijibu kwamba alilima mahali pengi kwenye rweya na hawezi kukumbuka wapi mpaka apashike. Baba akasema atampeleka mwenyewe hadi mahali penyewe, atapashika. Bibi akasema sawa. Nilimwona baba ameridhika, na mimi pia nikaridhika, kwa sababu sikujua bado alichokusudia.

Kesho yake kulikuwa na jua na upepo wa kutoka ziwani. Walikuja wazee wa baraza na mwenyekiti wao, na watu wengine wa kijiji wakafuata, maana kesi ya ardhi huku kwetu haikosi watazamaji. Ma Adela alisimama kando na mtoto mgongoni. Baba alimshika bibi mkono na kutangulia naye. Mimi nilifuata nyuma na kigoda chake.

Tulipovuka barabara baba hakupanda mbali. Alisimama hatua chache tu juu yake, mahali ambapo mteremko unaanza, akamketisha mama yake. Nikapatazama pale chini. Palikuwa na lumbugu tupu. Nilipajua mahali pale. Ni kijipande tu, na mbele yake mteremko wote ulikuwa nyasi ya kuezekea hadi kileleni. Kwa mtu asiyeijua rweya, na wazee wale wengi walikuwa watu wa kahawa na ng'ombe, nyasi ni nyasi.

Baba aliinama, akang'oa, akaiweka kiganjani mwa mama yake.

"Mama, waambie wazee hii ni nini."

Bibi aliipitisha vidoleni. "Hii ni lumbugu," alisema.

Baba akawageukia wazee, akawakumbusha kile ambacho kila mkulima anakijua, kwamba lumbugu hufuata jembe. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Ma Adela alikuwa ameanza kuikaza upya mbeleko ya mtoto wake, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kesi ingeweza kuishia pale, mwanangu, na maisha yangu yangekuwa mengine.

Lakini bibi hakuiachia ile lumbugu. Alikuwa peku, na nilimwona anasugua mguu kwenye udongo. Akauliza barabara iko wapi. Akasema kama upepo wa ziwa unampiga bega la kushoto, basi hapa ni pale alipolima msimu mmoja wa njugu, mwaka aliojifungua mtoto wake wa mwisho, na kwamba kipande chenyewe hakikuzidi uwanja wa nyumba. Akaomba apelekwe juu. Baba akasema mama amechoka, jua ni kali, na aliyoyasema yametosha.

Ndipo bibi akanyoosha mkono upande wangu. Alikuwa amesikia ninapohema.

"Mjukuu wangu, wewe unajua ninakotaka kwenda."

Nilimtazama baba. Hakunikataza. Ningependa niweze kusema kwamba alinikemea au alinitisha, ingekuwa rahisi kwangu leo. Alinitazama tu, na nikaona katika macho yake kwamba ananiomba. Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu kabla ya siku hiyo. Nikaushika mkono wa bibi, nikampandisha.

Juu kule alipiga magoti mwenyewe. Aliingiza vidole kwenye fungu la kwanza, akashuka hadi shinani. Akahamia fungu la pili. Akatafuta fundo la bua, akalishika kwa ukucha. Akavunja kichwa kimoja, akatoa mbegu, akailowesha kwa ulimi na kuiweka kiganjani, akatulia mpaka ikajizungusha. Wazee walikuwa wamemzunguka. Mimi nilijua tayari amekwisha kujua. Lakini hakusema. Aligeuza uso kwangu, mbele ya wote, akaniuliza.

"Mimi sina macho. Kichwa chake kina rangi gani?"

Nikasema, "Rangi ya kutu."

"Shinani unaona nini?"

Nilijua swali linakoelekea. Nilijua pia kwamba baba yuko nyuma yangu. Nikasema naona mabua yaliyoungua, meusi, mengi, ya moto wa miaka mingi. Akaniuliza katikati ya fungu pakoje. Nikasema pana upara. Akaniuliza upana wake. Nikasema nikiweka ungo utafunika. Akaniambia nimtazamie kama kuna lumbugu popote kati ya mafungu. Nilizunguka, nikatazama, nikarudi nikasema hakuna.

Mmoja wa wazee, mtu mwenye haki, akauliza kama nyasi hiyo haiwezi kurudi shamba likipumzishwa. Bibi akamwambia inaweza kurudi, lakini haiji na upara wake. Akaomba waletewe jembe walipige pale. Kijana mmoja akalipiga fungu, jembe likaruka kama limegonga mti. Akalipiga tena na tena mpaka likapasuka, na chini yake palikuwa na mizizi iliyosokotana na changarawe ambayo haijawahi kugeuzwa.

"Hapa sikulima," bibi alisema. "Wala mama mkwe wangu hakulima. Nyasi hii haijalijua jembe."

Mwenyekiti hakuchukua muda mrefu. Alisema mteremko si wa ukoo wetu, ni wa kijiji, na kijiji kimeombwa na Ma Adela, basi apewe. Watu wakaanza kushuka. Baba alibaki amesimama, akangoja mpaka wengi wamekwenda, akamwambia mama yake, bila kupaza sauti, kwamba leo amewanyang'anya wajukuu wake.

Bibi alikuwa bado amepiga magoti. "Yosia," alisema, "nimekupa kila nilichokuwa nacho. Hiki hakikuwa changu."

Maneno hayo wengi waliyasikia na waliyapeleka mbali. Nimeyasikia yakisimuliwa hata hapa Bukoba, na watu wanaosimulia hutikisa vichwa kwa heshima. Hawasimulii kilichofuata.

Kilichofuata ni kwamba baba hakumnyima mama yake chakula hata siku moja, lakini hakukaa naye tena jikoni. Alipeleka sahani, akasalimu, akatoka. Bibi, ambaye alikuwa amezoea kusikia sauti ya mwanawe kila jioni, akawa anakaa na giza lake. Nilimsikia anajisemea peke yake. Kwangu baba alisema neno moja tu, siku niliyothubutu kuuliza habari ya chuo. Aliniambia kwamba yule niliyemshika mkono ndiye anisomeshe. Sanduku la bati alilitoa chumbani, akampa mdogo wangu wa kiume.

Mama yangu alilia, akaomba, akamtuma mchungaji. Haikusaidia. Nikaondoka na shangazi yangu mmoja aliyekuwa akinunua dagaa visiwani. Kisiwa tulichofikia kilijaa watu waliotoka kila upande, wavuvi wa Mara, wa Mwanza, wa Uganda, na hakuna aliyeniuliza mimi ni binti wa nani, nami nikashukuru. Nilianika dagaa juani, nikazigeuza, nikazikusanya mvua ikija, nikazianika tena. Mikono iliyotakiwa kushika chaki ikawa na magamba. Miaka yangu mizuri iliishia pale, nami sikuambii hivyo ili unihurumie, nakuambia ili ujue bei yake.

Bibi alifariki nikiwa kisiwani. Mtumbwi wa wachuuzi ulikuja kutoka mwalo wa Muleba, pale wavuvi wanapotia nanga, na mwanamke mmoja akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Bibi alikuwa ameshazikwa. Nilipofika nyumbani nilimuuliza baba kwa nini hakunitumia habari, akasema nilikuwa mbali. Kisiwa kile, mwanangu, ukisimama uani kwetu asubuhi isiyo na ukungu unakiona.

Nikamwendea Ma Adela. Nilidhani na yeye angalau tutalia pamoja. Alikuwa amejenga nyumba ya bati, kahawa yake imeshika, watoto wanasoma. Alinipa kiti, akanipa lubisi, ile pombe ya ndizi mbivu, akanipa pole. Nilipomwambia kwamba bibi alinyamaziwa hadi kufa kwa sababu ya mteremko huu, aliweka kibuyu chini, akasema, "Binti, wazee ndio walioamua. Mimi sikumwomba mtu anisemee." Alisema kweli. Hakutuomba. Nilimaliza kinywaji changu nikaaga.

Nenda leo uone. Watoto wake walipokua walifyeka nyasi zote za mteremko ule na za jirani yake, wakapanda mipaina. Chini ya mipaina haioti kitu, ni sindano kavu tu. Mwanamke akionekana na mundu karibu na pale anafukuzwa, na wanaomfukuza ni watoto wa mwanamke aliyefika hapo akiwa na mundu. Nao ndugu zangu, wale ambao ilisemekana tumewanyang'anya, baba alipozeeka walikigawana kibanja, kila mmoja akauza chake, wakaenda mjini. Hata huo mteremko wangeupata, wangeuuza.

Baba aliugua kwa muda mrefu. Wana hawakuja. Nilimleta hapa Nshambya, nikamuuguza katika chumba hicho unachokiona. Nilimwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamwimbia nyimbo za kanisani alizozipenda naye akijaribu kuitikia kwa ile sauti iliyobaki. Nilikuwa nangoja neno. Sikutaka aniombe radhi, ningetosheka hata akisema siku ile ilikuwa na jua kali, nijue kwamba naye anaikumbuka. Hakusema. Alikufa akiwa amenishika mkono na kuniita kwa jina la dada yangu.

Ulitaka kujua jinsi ya kutambua nyasi. Nimekuambia. Basi sikia na mengine, kwa sababu wewe sasa ndiye utakayekuwa mwenye kuuliza, na mwenye kuuliza ana deni ambalo wengi hawalioni.

Usiamue kitu kwa picha. Vua viatu, panda mwenyewe, piga magoti, penyeza vidole. Ukipelekwa na mtu mahali, mshukuru, halafu nenda pia mahali ambapo hakukupeleka. Mkono wako ukishakuambia kilichopo, usiubishie kwa sababu ya huruma, maana utamhurumia mjane leo, kesho utamhurumia mwenye wana wengi, na wote wawili wanastahili, na ardhi haibadiliki kwa machozi ya yeyote. Usingoje shukrani. Ukiingoja itakutia sumu, kama ilivyonitia mimi kwa miaka mingi. Wala usidhani haki uliyoitoa itabaki safi mikononi mwa uliyempa. Hilo si lako.

Lakini lipo moja ambalo bibi yangu, pamoja na uadilifu wake wote, hakulifanya. Alijua kila kitu kwa vidole vyake. Angeweza kusema yote mwenyewe. Alitaka kinywa changu ili wazee wasiseme kikongwe anakisia, na alikipata. Hakujiuliza mimi narudi kulala katika nyumba ya nani. Nilimpenda, nampenda hata sasa, na jambo hilo sijamsamehe. Kwa hiyo wewe, siku utakapotaka kumwita mtoto wa mtu aseme kweli mbele ya baba yake, simama kwanza. Tafuta kama kuna njia nyingine, shina jingine, mtu mzima mwingine. Kama hakuna, na lazima aseme, basi usishuke mlimani ukaenda zako kunywa chai. Mfuate hadi mlangoni kwao. Ukiona mlango umefungwa, mchukue kwako.

Nikiulizwa leo rangi ya vile vichwa, nitasema kutu. Sitasema vingine. Ila sitakudanganya kwamba nitasema kwa furaha.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe vidole vinavyofika chini, akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, na kila utakapomaliza kusema kweli, akupe nyumba ambayo mlango wake unafunguliwa ukibisha.